Sura ya Saba: Kalenda ya Mkweche

Ukifungua boneti ya Land Cruiser yangu, ile ya mkonga, kitu cha kwanza utakachokiona ni maandishi. Yako upande wa ndani wa boneti, kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa fundi asiyejua kubembeleza herufi: MKANDA, BAADA YA KAHAWA 2016. DIFU YA NYUMA IMEINGIA MAJI, MASIKA 2017. BREKI ZOTE KABLA YA VULI 2018. Yanashuka hivyo mpaka yanapokutana na bawaba. Hakuna palipoandikwa kilomita. Mita ya kilomita ilikufa kabla sijalinunua gari, na aliyeniuzia naye aliikuta imekufa.

Kitabu cha kiwandani, kama kingekuwapo, kingenitaka nihesabu kilomita. Lakini kilomita za wapi? Kilomita moja ya lami pale Lusahunga si ndugu na kilomita moja ya kupanda Rulenge mwezi Aprili, gia ya kwanza, magurudumu yote manne yakitafuna utelezi, na magunia ya maharage nyuma. Fundi aliyeandika kwenye boneti yangu alilijua hilo, akaamua kuhesabu mvua.

Upande huu wa magharibi wa Kagera, mvua huanza kati ya Septemba na Oktoba, hupumua kidogo Januari na Februari, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Machi hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Barabara hukauka, matope hugeuka vumbi jekundu, kahawa huchumwa, maharage ya masika yanakuwa yameshauzwa au yamo kwenye magunia yakisubiri bei. Ndiyo kusema miezi ambayo gari linaweza kupandishwa juu ya mawe siku nne bila mtu kulalamika ndiyo hiyo hiyo ambayo mwenye gari ana chochote mfukoni. Bahati hiyo ina kasoro moja tu: Julai hakuna anayekumbuka breki. Breki hukumbukwa Novemba, kwenye mteremko, wakati kahawa imeshageuka ada ya shule.

Tuelewane kwanza ni magari gani haya. La kwanza ni Land Rover ya zamani, uzao wa ile iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ambayo toleo lake la mwisho la mtindo ule, Series III, liliacha kutengenezwa mwaka 1985. Ilikuwa gari la serikali, la misheni, la hospitali, la bwana shamba. La pili ni Land Cruiser, na hasa hii ya uzao wa 70 iliyoanza mwaka 1984, ambayo Watanzania wameibatiza mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa linalopanda kando ya kioo mithili ya mkonga wa tembo.

Zilivyojaa hapa wilayani kwetu Ngara kuna kisa chake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, wakimbizi kutoka Rwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Kambi ikaota Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Nyuma ya wakimbizi wakaja watu wa mashirika, na watu wa mashirika wakaja na Land Cruiser nyeupe. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Mashirika yakapunguza kazi, na shirika likifunga milango huuza meza, viti, jenereta na magari. Pamoja na magari yakabaki mafundi waliojifunzia kazi kwenye gereji za kambi, vijana wa wakati ule ambao sasa wana mvi na wajukuu.

Gari lililofika mwaka 1994 limeshapita miaka 30. FIVA, shirikisho la kimataifa la wapenzi wa magari ya kale, linasema gari linastahili kuitwa la kihistoria likiwa na miaka 30 au zaidi, likiwa limetunzwa katika hali yake ya asili, na likiwa halitumiki kwa safari za kila siku. Sharti la kwanza tunafaulu. La pili tubishane, maana tanki la mafuta la jirani yangu ni la lori. La tatu linatuangusha sote. Huko Ulaya gari la kale huingizwa bandani majira ya baridi yakianza, barabara zikimwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu; betri hufunguliwa, turubai hufunikwa, na mwenyewe hungoja Aprili. Nairobi nako wako watu, tangu mwaka 1970, wanaoyapanga magari yao kila mwaka kwenye mashindano ya umaridadi ili waamuzi wenye kalamu wachungulie hata chini ya injini. Sina ubaya nao. Ila majira yetu mabaya ndiyo majira gari linapohitajika zaidi. Mvua ikikolea, bodaboda huteleza, kenta hukwama, na mama mjamzito wa kijijini hupelekwa hospitali na mkweche wa mwaka 1990. Hatuna msimu wa kulaza gari. Tuna kiangazi cha kuliandaa.

Kazi ya kwanza ya kiangazi ni kuosha, na sisemi kuosha kwa kung'arisha. Milango na boneti vinaweza kusubiri. Unalaza gari ubavu ikiwezekana, au unalipandisha kwenye kilima cha udongo, unaingia chini na maji na kijiti. Chesisi ya Land Rover ni sanduku refu la chuma lenye matundu madogo ya kutolea maji. Masika nzima matope huingia, hutuama ndani, huziba matundu, na kisha hukaa pale yakiwa na unyevu mpaka Agosti, huku nje kila kitu kikionekana kikavu. Kutu ya Land Rover hula kutoka ndani. Watu hudanganywa na bodi: bodi ni ya aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo haishiki kutu, na mwenye gari hujiona salama mpaka siku chesisi inapokatika nyuma ya springi na gari linakaa chini kama ng'ombe. Pale aluminiamu inapogusana na chuma ndipo pabaya zaidi: unyevu ukiingia kati, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Pitisha waya katika kila tundu la chesisi. Maji yakitoka mekundu, endelea. Yakitoka meupe, umemaliza.

Kuna ubishi wa oili chafu. Mafundi wengi huipaka chini ya gari mara tu baada ya kuosha, mwezi Juni. Mimi naona ni mapema mno. Ukipaka Juni, vumbi la Julai na Agosti linaganda juu yake, linakuwa zulia, na mvua ya kwanza inalilowesha zulia hilo lote likae na maji kama sponji. Osha Juni, liache gari likauke kiangazi chote, upake wiki moja kabla ya mvua. Na usiipake karibu na breki, wala usiiache ichuruzike kwenye kijito ambacho watu wa bondeni wanachota maji.

Baada ya kuosha, difu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo magari mengi ya Ngara yanapofia bila mwenyewe kujua. Difu na ekseli vina kipumulio, kidude kidogo juu ya nyumba ya ekseli, kisichozidi ncha ya kidole. Gari likitembea, difu inapata joto na hewa ya ndani inatanuka na kutokea pale. Sasa kipumulio kikizibwa na matope, halafu ukaingiza gari la moto kwenye maji baridi ya bondeni, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kutafuta pa kuingilia. Inaingilia kwenye sili, na inaingia na maji. Gari litatembea. Halitapiga kelele. Litaenda miezi mitatu, minne, oili na maji vikichanganyika, beringi zikila kutu, hadi siku meno ya difu yanapoanza kuimba.

Nilimuuliza fundi wangu wa Benaco anajuaje kama difu imekunywa maji. Yeye ni mdogo kwangu, kila asubuhi ananipa shikamoo kabla hajashika spana.

"Mzee, ukifungua nati ya chini, iachie taratibu," aliniambia. "Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yanakaa chini. Yakitangulia maji, umeyawahi. Ikija kama chai ya maziwa, yameshachanganyika."

Yangu ilikuja kama chai ya maziwa. Ndiyo ile ya masika 2017 kwenye boneti. Ukiikuta hivyo, usimwage na kujaza oili mpya ukaondoka. Mwaga, jaza oili nyepesi ya bei nafuu, zungusha magurudumu gari likiwa kwenye jeki, mwaga tena, ndipo ujaze oili ya difu namba 90. Na kipumulio kifunguliwe, kioshwe kwa dizeli, kipulizwe kwa mdomo mpaka hewa ipite. Wajanja hukitoa kabisa, wakafunga mpira mwembamba kutoka ekseli hadi juu ndani ya boneti, ili difu ipumulie pasipofika maji. Ni mpira wa mita chache na vibano viwili. Sijui kazi nyingine ya bei hiyo inayookoa kitu cha bei ile.

Wakati uko chini huko, tia grisi. Propela, krosi, springi, kila palipo na nipo ya grisi, sukuma mpaka grisi ya zamani itoke nyeusi na mpya ionekane. Haina hadithi.

Kiangazi chenyewe kina adui yake, vumbi. Wageni hudhani mkonga wa Land Cruiser ni wa kuvukia mito. Huku kazi yake kubwa ni kuvuta hewa ya juu kidogo ya wingu linaloachwa na lori la mbele. Vumbi la udongo wetu lina chembe ngumu za mchanga, na zikipenya hadi kwenye silinda zinasaga ringi kama jiwe la kunolea kisu. Land Rover ya zamani ina filta ya hewa ya oili: hewa inapita juu ya bakuli lenye oili, vumbi linanasa. Ni kifaa cha kizamani na ni kizuri mno. Unafungua bakuli, unamwaga uji mwekundu ulio chini, unaosha kwa dizeli, unatia oili safi, umemaliza, hukununua kitu. Filta ya karatasi ya Land Cruiser haitaki hivyo. Watu huigonga kwenye tairi, au huipeleka kwa wajaza upepo wakaipuliza kwa nguvu zote. Karatasi inatoboka matundu usiyoyaona, na kuanzia hapo inapendeza kwa macho tu. Ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kisha ielekeze kwenye jua. Ukiona nuru inapita mahali kama nyota, itupe.

Sasa twende kwenye mwisho wa Agosti, siku zile ambazo mawingu huanza kujikusanya upande wa Burundi alasiri na kutawanyika bila kudondosha kitu. Hizo ndizo siku za breki.

Wilaya ya Ngara ni milima na mabonde, na barabara kuu inaishia kwa kuteremka hadi mto Kagera, kwenye daraja la Rusumo. Kwenye mteremko huo dereva ana malori mbele na nyuma, na mawazo yake yameshahamia ng'ambo, ambako magari hupita upande wa kulia. Maji ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa unyevu, kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Breki ikishikiliwa mteremko mzima inapata joto, maji yanachemka ndani ya bomba, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inakwenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Kwa hiyo maji ya breki yasiwe ya kuongeza tu. Yatolewe yote, mara moja kwa mwaka, kabla ya vuli, yatiwe mapya kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyo. Na atakayekuambia kwamba maji ya sabuni au oili ya injini "inasaidia kufika" usimpe funguo. Oili huvimbisha mipira yote ya breki, na baada ya hapo unanunua mfumo mzima.

Land Rover ya zamani ina breki za drami kwenye magurudumu yote manne. Zifungue, toa matope makavu yaliyobaki tangu masika, angalia kama hab inavujisha oili juu ya shuu. Shuu iliyolowa oili haisafishwi kwa petroli ikarudi kuwa shuu. Ibadilishe, na mwenzake wa upande wa pili pia, ama gari litakuvuta bondeni.

Kuna jambo linanikera na nitalisema. Ni thamostati. Gari likichemka mara moja tu, fundi wa kwanza utakayekutana naye atang'oa thamostati na kuitupa kichakani, akikuambia kwamba huku Afrika haina kazi, ile ni ya nchi za baridi. Gari langu lilifanyiwa hivyo na gereji ambayo sitaitaja. Sasa amka saa kumi na moja asubuhi Ngara mwezi Julai, ukungu umelala kwenye migomba, halafu useme hakuna baridi. Injini ya dizeli isiyo na thamostati inachelewa kupata joto lake, haichomi mafuta vizuri, inatoa moshi mweupe, inakula mafuta na inachakaa kabla ya wakati. Tena sababu ya kuchemka inakuwa bado ipo pale pale: rejeta imeziba, fani belti imelegea, au mfuniko wa rejeta umekufa. Huo mfuniko watu wanaudharau. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko. Raba yake ikipasuka, mlimani utaona mvuke, utalaumu thamostati, utaing'oa. Nunua mfuniko.

Vipuri vyenyewe ni safari. Vya Land Cruiser vinapatikana Kahama na Mwanza; vya Land Rover kongwe hutafutwa Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, au soko la Kisekka Kampala, kwa mtu wa kumwagiza na imani. Mwanza imesogea tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025: dereva wa Biharamulo halali tena Kigongo akingoja kivuko na pampu ya maji iliyofungwa kwenye gazeti. Lakini agiza mapema. Sili ya difu inayotafutwa Juni ina nafasi ya kufika kabla ya mvua. Inayotafutwa Oktoba hufika na wewe umekwama.

Serikali nayo imo kwenye kalenda hii kwa namna yake. Stika ya Nenda kwa Usalama Barabarani imewalazimisha wengi kuwasha taa ya breki iliyozimika miaka. Na kuna mikweche iliyofufuka kwa sababu ya bajeti ya mwaka 2017/18, iliyofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye mafuta. Kabla ya hapo gari lililosimama nyuma ya nyumba lilikuwa linazaa deni hata kama kuku wametaga ndani yake, na mwenyewe aliogopa kuligusa.

Januari, mvua inapopumua, fanya mzunguko mfupi: oili ya injini, nati ya difu uichungulie, filta ya dizeli umwage maji yaliyojikusanya chini yake, breki uzikaze. Siku moja inatosha. Kubwa zote zilikwishafanyika kiangazi.

Imebaki mkanda. Land Rover ya zamani ya silinda nne ina cheni ya taimingi, na cheni ikichakaa hupiga kelele, inakupa taarifa. Injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 iliyo kwenye mikonga mingi ya miaka ya 1990, ina mkanda wa raba. Mkanda hauna kelele. Toyota iliweka taa kwenye dashibodi iwake kila kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari, na taa hiyo inategemea mita. Mita ikifa, taa imekufa nayo. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hatuzungumzii tena sevisi, tunazungumzia injini nyingine. Ndiyo maana mstari wa kwanza kabisa kwenye boneti yangu ni wa mkanda, na ndiyo maana fundi wangu hafungi mkanda kwa mtu yeyote bila kuomba kopo la rangi.

Kama umenunua gari la namna hii na hujui mkanda wake ulifungwa lini, usimuulize aliyekuuzia. Ubadilishe kiangazi hiki, kabla ya Septemba, na uandike tarehe.